Anayelala Chini ya Lango la Kumi na Saba

Jinsi Sikudhani binti Ngwali alivyofika nchi ya Peupe si habari ya kutuchelewesha. Alifika, miguu imevimba, fedha za mji zimeshonwa ndani ya pindo la gauni lake, na kila alipoketi alilipapasa kwanza pindo hilo kuhakikisha bado zipo. Alikuwa mnunuzi wa mji wa Mwakaya, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na minne, na wafanyabiashara wa huko walimwita Bi Mashaka, wala si kwa mapenzi. Huyu ndiye aliyewahi kuzamisha mkono mpaka kwapani ndani ya gunia la mchele akaibuka na jiwe la kusagia. Ukimpa salamu ya asubuhi alikutazama kwanza, akitafuta unataka nini.

Safari hii alikuwa na jambo lililomuuma. Mwakaya ni mji wa chemchemi moja na mifereji mingi. Maji yakishuka mlimani hugawanywa na malango ya mbao yanayofunguka na kujifunga yenyewe kwa kamba na mawe ya uzito: hili lipeleke maji kinuni, lile lingoje, jingine liwakatie watengeneza ngozi mpaka hospitali ishibe. Mpangilio huo wote huitwa mpango wa malango. Bila huo maji ni maji tu, kinu ni mbao tu, na hakuna kinachofanya kazi. Ule wa zamani Mwakaya iliununua kwa tajiri mmoja aliyeuleta ndani ya sanduku lenye kufuli. Kiangazi kilichopita ukagoma. Tajiri akajibu kwa barua kwamba kulifungua sanduku ni marufuku, na hospitali ya wazazi ikakaa siku tatu bila tone. Zaituni, mdogo wake Sikudhani, alijifungua siku ya pili. Walimwosha kwa maji ya dimbwi. Homa iliyofuata nusura imuue, na mpaka leo akiinuka ghafla lazima ashike ukuta.

Baraza la mji liliposikia kwamba huko Peupe kuna mpango wa malango bora kuliko yote, tena unatolewa bure kwa yeyote, likamtuma Sikudhani. Mwenyekiti wa baraza, Bwana Songoro, alimshika mkono mbele ya halaiki.

"Bi Sikudhani, fedha hizi ni za tahadhari tu," alisema. "Kitu chenyewe ni cha bure. Ukirudi umelipia kitu cha bure, tutajua kuna mtu amekula, na mtu huyo ni wewe."

Watu walicheka. Sikudhani hakucheka, maana mnunuzi aliyemtangulia alifukuzwa mjini kwa maneno kama hayo na hakuna aliyemwona tena. Akilipa bila sababu ya kueleweka, jina lake limekwisha. Akileta mpango mbovu, kuna wanawake watakaooshwa kwa maji ya dimbwi. Hayo ndiyo aliyobeba njia nzima, na yalikuwa mazito kuliko pindo.

Sheria kuu ya Peupe ni fupi: kila kilichotengenezwa kionyeshe ndani yake. Sikudhani aliikuta ikifuatwa mpaka inakera. Watu walivaa nguo mishono nje, ili kazi ya fundi ionekane. Saa za ukutani hazikuwa na uso wala mishale, zilikuwa meno matupu yanayozunguka, na mwenye haja ya kujua wakati aliuliza jirani. Duka la kufuli liliuza kufuli zilizopasuliwa katikati, funguo zikining'inia kando, na hakuna aliyeona cha kuchekesha. Karani wa mpakani, alipokuwa akiandika jina lake, alitamka kwa sauti kila alichowaza, kama sheria inavyomlazimu.

"Sura kali. Pengine mwizi. Hapana, wezi hutabasamu. Pindo zito, ana fedha humo. Ningemuuliza, lakini foleni ni ndefu na mimi nina njaa. Pita, mama."

Sikudhani akapita, pindo kalishika kwa mikono miwili.

Adhuhuri alikula mkahawani. Huko jiko liko mbele, barabarani, na wateja huketi nyuma yake kwenye moshi. Kwa macho yake alimwona mpishi akidondosha upawa, akiuokota, akiupangusa kwa kitambaa alichojifutia jasho la shingo, na kuurudisha kwenye mchuzi. Watu wapatao hamsini walikuwa wamelielekea jiko lile. Hakuna aliyeacha kutafuna.

"Umeona?" alimuuliza jirani yake wa mezani, mwanamume nadhifu mwenye ndevu zilizochanwa.

"Nimeona nini?"

"Ule upawa!"

"Mama, jiko liko wazi," mtu yule akamjibu kwa upole wa kumfundisha mgeni. "Watu wote hawa wanalitazama. Kungekuwa na kasoro, si wangeiona?"

"Wewe mwenyewe ulikuwa unatazama?"

"Mimi nilikuwa nakula."

Sikudhani akaisukuma sahani. Alishinda na njaa siku ile, ila jibu la yule bwana lilimkaa akilini.

Mpango wa malango wenyewe umechorwa kwenye ukuta mrefu katikati ya mji mkuu: malango sitini na mawili, na kila kamba, na kila roda, yaani kile kigurudumu kinachobeba kamba. Watu walijaa mbele yake na karatasi zao, wakinakili. Mlinzi wa ukuta alikuwa Bi Chausiku, mwanamke mnene mchangamfu mwenye ndoo ya chaki, na kisheria alikuwa na kazi moja tu, kuhakikisha hakuna anayeufunika ukuta ule, hata kwa kanga ya kuanikwa.

"Bure?" Sikudhani akauliza.

"Bure, mama."

"Na kesho?"

"Na kesho pia."

"Nikishajenga hamtakuja kudai?"

"Nije kudai kwa nani? Hata jina lako sitaki kulijua."

Hapo ndipo Sikudhani alipoanza kuogopa. Katika maisha yake mtu aliyekupa kitu bila kutaka hata jina lako, ama ana wazimu ama kuna jambo analikimbia. Akaukagua ukuta toka juu mpaka chini, na kule chini kabisa, karibu na mtaro wa maji machafu, akakuta maandishi madogo yaliyomlazimu apige magoti: UKICHUKUA, UMECHUKUA. UKIZAMA, UMEZAMA.

"Na hii ni nini?"

"Hiyo ni ahadi yetu kwa watu," Bi Chausiku akasema kwa fahari. "Tunaahidi kwamba hatuahidi kitu."

Ng'ambo ya barabara, hatua zisizozidi ishirini, palikuwa na nyumba yenye kibao kikubwa: MPANGO WA MALANGO UNAUZWA HAPA. Sikudhani alisimama katikati ya njia, akiangalia ukuta, akiangalia kibao, mpaka mwenye mkokoteni akamkaripia. Kisha akaingia. Bei aliyotajiwa ingetosha kununua ng'ombe ishirini wa maziwa pamoja na ndama wao. Tena hiyo ni ya mwaka mmoja. Mwaka ukiisha, unalipa upya.

Mwenye nyumba aliitwa Feruzi, mtu mrefu, mwembamba, macho mekundu. Naye alivaa kanzu yenye mishono nje, lakini alikuwa akizungumza huku anaukagua mshono wa mkono wake, inchi kwa inchi.

"Mchoro wenu una nini ambacho ule wa ukutani hauna?" Sikudhani akamuuliza.

"Hauna la ziada. Ni ule ule."

"Ule ule."

"Mstari kwa mstari. Tumeunakili pale, na tukirekebisha kitu tunakirudisha pale."

"Nawe unauuza."

"Nauuza."

"Na kuna wanaonunua?"

"Miji saba," Feruzi akasema, akageuza mshono upande wa pili.

Sikudhani alikuwa ameshaona wezi wa kila namna, ila mwizi wa kukiri kwa adabu hivi hakuwahi kumwona. Akapiga hesabu zake kimoyomoyo. Ama mtu huyu anawala wajinga wa miji saba mchana kweupe, ama michoro haifanani na kuna kitu kimefichwa katika ule wa kulipia. Kwa vyovyote atamfichua, na Mwakaya ipate mpango wake bila kutoa hata senti. Kwa mara ya kwanza tangu aondoke nyumbani alijisikia vizuri. Akaazima mchoro wa Feruzi, uliochorwa kwenye kitambaa, akautandaza chini mbele ya ukuta.

Alikaa hapo siku tatu. Alifuata kila kamba ukutani kwa kidole, akaifuata kwenye kitambaa, na kila lango lilipolingana akafunga fundo kwenye uzi wake. Watu wa Peupe walipita wakimshangaa. Waliwahi kuona wanaonakili, wanaosifu, na wanaoleta wageni kuuonyesha ukuta. Mtu anayeutazama tu, hawakumbuki. Bi Chausiku alimletea maji na kumuuliza kama anaumwa.

Siku ya tatu mafundo yalitimia sitini na mawili. Feruzi alikuwa amesema kweli, na jambo hilo lilimkera Sikudhani kuliko uongo. Lakini kwa kuzifuata kamba polepole kiasi kile, kulikuwa na moja iliyokataa kutulia akilini. Ni ile ya lango la kumi na saba, linalopeleka maji kwa wagonjwa. Kamba yake ilipita chini ya roda. Kwa akili yake ilipaswa kupita juu. Akatafuta kijiti, kigurudumu cha uzi na kokoto, akalitengeneza lango dogo pale pale mavumbini. Maji yakiwa tele, kamba ikipita juu au chini hakuna tofauti. Maji yakipungua sana, lango linalopaswa kufunguka linajifunga.

Alijaribu mara nne. Lilijifunga mara nne. Peupe mvua hunyesha miezi kumi na moja, maji hayajawahi kupungua kiasi hicho, basi hakuna aliyewahi kuliona likijifunga. Mwakaya maji hupungua kila kiangazi. Angenakili akaondoka siku ile ya kwanza, angefunga safari yote hii kwenda kuwapelekea wazazi wa Mwakaya kiu nyingine, safari hii kwa mkono wake mwenyewe. Alimfikiria Zaituni akiushika ukuta. Akalia pale mavumbini, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira.

Bi Chausiku, aliposikia, alifurahi kweli. Alipiga kengele, akaita watu, akamkabidhi chaki ya njano. "Hongera, mama! Rekebisha. Ukuta ni wa wote."

Ila kabla chaki haijagusa ukuta, mtu mmoja akasimama kueleza kwamba kamba ile imepita chini tangu enzi za babu yake na miji imesimama, kwa hiyo huenda si kosa, ni mtindo. Mwingine akakubali kwamba ni kosa, lakini akataka lisirekebishwe kwa chaki ya njano wakati ukuta mzima ni wa chaki nyeupe. Mjadala wa rangi ukachukua saa nzima na ushei, watu wakitajana kwa majina na kukumbushana mambo ya zamani. Kisha mwalimu mmoja wa hesabu akapanda juu ya ndoo akatangaza kwamba kwa muda mrefu haridhiki na malango kuhesabiwa kuanzia moja, na kwamba yeye anakwenda kuchora ukuta mwingine nyuma ya soko utakaoanzia sifuri. Watu kumi na mmoja wakamfuata. Kufika alasiri Peupe ilikuwa na kuta mbili, na katika zote kamba ilipita chini ya roda.

"Kwani anayeamua ni nani?" Sikudhani akamuuliza Bi Chausiku.

"Yeyote."

"Lini?"

"Wakati wowote atakaopenda."

"Na miji iliyokwisha nakili na kwenda zake, nani ataiambia?"

Bi Chausiku akajikuna kichwa, na uchangamfu ukampungua usoni. "Hatuna majina yao, mama," akasema. "Si tuliwaambia hatuyataki?"

Sikudhani akavuka barabara. Alikuwa amejiandaa kumtukana Feruzi mbele ya wateja wake: wewe unayelipwa ng'ombe ishirini umeuza kosa lile lile linalogawiwa bure! Akayasema yote, tena kwa sauti. Feruzi hakubisha. Aliacha kuukagua mshono.

"Lango la kumi na saba," alisema. "Umelijaribu kwa maji?"

"Kwa uzi na kokoto."

"Twende."

Nyuma ya nyumba palikuwa na ua, na uani mpango mzima umejengwa kwa udogo, malango yote sitini na mawili, yakilishwa na kijito. Chini yake kabisa, mahali ambapo maji yakikosea ndipo yanapokimbilia, palikuwa na vyumba viwili na jiko. Humo ndimo alimoishi Feruzi na mkewe na watoto wao watatu. Ndiyo desturi ya nyumba ile: anayeuza hulala chini ya anachouza.

"Mama Rehani!" Feruzi akaita. "Toka nje na watoto!"

Mwanamke akatoka na unga mikononi. Feruzi akazuia kijito mpaka maji yakabaki kiasi cha kiangazi cha Mwakaya. Kwa muda hakuna kilichotokea. Halafu lango la kumi na saba likajifunga kwa kishindo kidogo, mfereji wa wagonjwa ukakauka, na maji machache yaliyobaki yakafurika kando, yakashuka, yakaingia chumbani kwa mwenye nyumba. Ndala zikatoka nje zikielea.

"Feruzi!" mkewe akapiga kelele. "Hili ni godoro la tatu!"

"La tatu, mke wangu. Mshukuru Mungu limelowa letu."

Sikudhani alimtazama usoni na akaona jambo ambalo hakuliona ukutani kutwa nzima. Mtu yule alikuwa amesawajika. Kabla chumba hakijakauka, matarishi saba walikuwa wameshatoka, kila mmoja na barua ya mji wake: kamba ya lango la kumi na saba ipitishwe juu ya roda leo, si kesho. Kisha Feruzi na wenzake wakalibeba godoro likichuruzika maji mpaka ukutani, wakaliweka chini mbele ya wajadili. Hakuna aliyepata hoja ya kulijibu godoro. Feruzi akaichora upya kamba mahali pake, kwa chaki ya njano, na rangi haikuulizwa.

Mtu mwingine angeridhika hapo. Sikudhani alirudi naye uani akamsimamia akisukuma maji kwa ufagio.

"Pengine ulijua," alimwambia. "Pengine ulilipanga ili uninase."

"Ningejua ningekuwa nalala darini."

"Na kwa nini umewapelekea rekebisho ukutani bure? Mimi ningelificha, wenye kulitaka wanilipe."

"Mchoro ni wa wote, nami niliuokota pale pale. Nikianza kuficha, kesho nitakuwa nashuku peke yangu. Hili hukuligundua wewe? Na wala sikukulipa." Feruzi akaegemea ufagio. "Bi Sikudhani, mimi siuzi mchoro. Umeona mwenyewe hapa kwetu, kila kitu kiko wazi, na kwa kuwa kiko wazi kila mtu anaamini mwenzake ameshatazama. Kushuku kumeadimika. Nina watu wanne ninaowalipa washuku tangu asubuhi mpaka jioni, na wawili nawaona wameanza kuamini. Wanaonilipa wananilipa nitazame, na nikikosea nilowe kwanza mimi, kisha niwatumie habari. Wewe una kipaji. Kaa hapa nikupe kazi."

Uso wa Sikudhani ulipata joto. Miaka kumi na minne tabia ile imeitwa roho mbaya, imevunja posa mbili, imemnyima mashoga, na leo mtu anaiita kipaji. Alitamani kulisikia tena neno lile. Halafu, kwa mazoea, akaanza kutafuta mtego ndani yake.

"Na nikikulipa, nikarudi kwetu, nitajuaje kama bado unalala chini?"

"Hutajua. Ndiyo maana nauza mwaka mmoja mmoja. Kila mwaka mtu wenu aje alione godoro. Barabara hii hii kuna nyumba nyingine yenye kibao na bei kama yangu. Nenda kaangalie chumba chake cha chini."

Alikwenda. Chumba cha chini kilijaa vitunguu, na utando wa buibui ulikuwa umeziba mlango. Akarudi akiwa na heshima kidogo kwa Feruzi, si nyingi. Hapo ndipo Feruzi mwenyewe alipomwambia jambo lililomaliza shauri. Kutoka Peupe mpaka Mwakaya, tarishi mwepesi huchukua siku ishirini.

"Umeniambia hospitali yenu ilikauka siku tatu," alisema. "Barua yangu itawakuta mmeshazika. Chukua mchoro wa ukutani, mama, umesharekebishwa. Mtu wa kulala chini mtafute huko huko kwenu."

"Unaifukuza biashara yako mwenyewe?"

"Nimechoka kubadilisha magodoro," Feruzi akasema, na kwa mara ya kwanza wote wawili wakacheka.

Baraza la Mwakaya lilimpokea kwa vigelegele. Sikudhani alitandaza mchoro mezani, kisha akachukua mkasi, akalifumua pindo lake, akazimwaga fedha zote kando ya mchoro. Vigelegele vikafifia. Hakuna mnunuzi aliyewahi kurudi na fedha zote, na wajumbe wakaanza kutazamana. Bwana Songoro akaziangalia zile fedha kama anayehofia zitaruka.

"Yaani hukulipa kitu?"

"Sikulipa kitu. Mchoro ni wa bure, na ni mzuri." Akaweka kidole kwenye lango la kumi na saba. "Sasa fedha hizi nataka tumlipe mtu. Kile kibanda kilicho chini ya lango hili, karibu na hospitali, akae humo na jamaa yake. Anywe maji yale yale ya wagonjwa. Kila siku apite kamba zote akizishuku, na kila jambo jipya la Peupe alifuatilie. Mwaka mmoja mmoja, tuwe tunamkagua."

Baraza likaangua kicheko. Mjumbe mmoja akasema yeye hulala kila siku na hajawahi kulipwa. Mwingine akauliza, kitu ni cha bure, sasa kinalipiwaje? Bwana Songoro alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaacha kwa ghafla, macho yakawa madogo.

"Na mtu huyo," aliuliza, "kwa bahati nzuri ni wewe?"

"Akiwa mimi, akiwa mwingine, ni sawa. Alale pale tu."

"Aa! Sasa nimeelewa. Umetoka huko na fedha zote ili uje uzile hapa hapa, polepole, mwaka mmoja mmoja!"

Ukumbi ukavuma. Sikudhani alizijua sura zile, maana ndiyo sura aliyowavalia wauza mchele maisha yake yote, na ilimuuma kuvaliwa yeye. Nyuma ya ukumbi akamwona Zaituni na mtoto wake mgongoni. Zaituni alikuwa ameinuka kwa hasira kumtetea dada yake, na sasa alikuwa ameushika ukuta, akingoja kizunguzungu kiishe. Sikudhani alimtazama mpaka mdogo wake alipopata nguvu ya kusimama wima.

"Mwenyekiti, umesema kweli," alisema. "Kitu cha bure kisilipiwe. Basi tusimlipe mtu. Wewe ndiye mkubwa wetu, anza wewe. Leo hii, na mkeo na wajukuu, mpaka kiangazi kiishe. Godoro nitakubebea mimi."

Hakuna aliyecheka. Sikudhani akamgeukia mjumbe wa kwanza. "Au wewe unayelala kila siku?" Mjumbe akaangalia viatu vyake. Akamgeukia wa pili, naye akakumbuka kwamba mkewe ana kifua. Alizunguka meza nzima, na kote alikopita macho yalishuka. Nje, maji ya mlimani yalisikika yakishuka kwenye mifereji, tayari yamepungua.

Bwana Songoro akauvuta mchoro karibu. Kwa mara ya kwanza akautazama kweli, akainama, akaifuata kamba ya lango la kumi na saba kwa ncha ya kidole, polepole, mpaka kwenye roda.

"Umesema inapita juu?"

"Juu."

"Una hakika?"

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo, mwenyekiti. Kutokuwa na hakika."

Songoro akaifuata kamba tena, toka mwanzo. Alipofika mwisho akakohoa, akakitazama kidole chake.

"Mtu huyo," akauliza kwa sauti ya chini, "kwa mwaka anataka kiasi gani?"